Mkate wa Hapana

Unga aliapa mchana kweupe, mbele ya wateja na mbele ya mama yake mzazi, mkono mmoja ukiwa umezama kwenye kinyunya mpaka kiwiko.

"Siku utakayonisikia nikiitegemea hiyo katiba yenu," alimwambia mdogo wake, "siku hiyo nitakuita wewe kaka."

Wateja wakaguna. Mwenye ndugu anajua uzito wa neno hilo. Unga ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na tangu ana meno ya utoto alikuwa kaka: kaka wakati wa kugawana nyama, kaka wakati wa kuchagua upande wa kitanda, kaka hata wakati wa kuchapwa, ambapo ukaka hauna faida yoyote. Aliuweka rehani bila wasiwasi kwa sababu alijua hautamtoka.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Moto, alifuta jasho, akachukua ule ubao mrefu wa kuingizia na kutolea mikate kwenye tanuri, akautia begani, akatoka. Ubao uligonga fremu ya mlango, ukamgonga na kinyozi aliyekuwa kwenye foleni, na Moto hakuomba radhi kwa mlango wala kwa kinyozi.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kula mikate mibaya.

Marehemu baba yao alikuwa mjanja. Aliwajua wanawe, kwamba wangeweza kugombania hata kivuli, kwa hiyo alipowafundisha kazi ya mikate aliikata katikati. Mkubwa alimfundisha unga: maji, hamira, kukanda, kusubiri uumuke, kuubonyeza kwa kidole na kuona unajibu nini. Mdogo alimfundisha moto: kuni zipi zitangulie, lini kufukua makaa, lini kuingiza trei, lini kuitoa. Hakuruhusu mmoja achungulie kazi ya mwenzake. "Hivi hawataachana maisha," alimwambia mkewe, na akafa ametulia. Masikini, hakujua kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kura ya maoni.

Katiba mpya ilikuwa imepita, lakini ilipita kama mtu mnene anavyopita mlango mwembamba, ubavu ubavu na tumbo ndani. Karibu nusu ya nchi ilisema Hapana. Nusu nyingine, na watu wachache wa kuongezea, ikasema Ndiyo. Walioshinda walipiga honi mpaka betri za magari zikazima. Walioshindwa wakasema hiyo si katiba, ni makaratasi, na hawalitambui hata jalada lake. Kuna mume na mke walioanza kulala mzungu wa nne ili wasitazamane usoni. Kinyozi naye alikuwa anamuuliza mteja upande wake kabla ya kuwasha mashine, na wapo waliotoka kwake na kichwa nusu.

Na nani alikuwa ameisoma? Hakuna. Unga alikwenda kwenye mkutano wa Hapana, msemaji akamwambia kwamba katiba hiyo imefuta ukubwa: watoto wote sawa, hakuna kaka wala mdogo, na mali ya marehemu itakatwa kwa msumeno. Unga aliliona tanuri la baba yake likikatwa kwa msumeno, akarudi nyumbani na homa. Moto akaenda kwenye mkutano wa Ndiyo, akaambiwa maneno yale yale, ila kwa sauti ya furaha, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Ugomvi wao wote ulizaliwa na habari moja.

Moto alipanga uwani kwa jirani, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango wa kaka yake. Akajenga tanuri la udongo na matofali, akabandika kibao cha "Ndiyo". Unga naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa na kibao, akabandika "Hapana".

Mkate wa Hapana kwa nje ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Ukiupasua, ndani laini, umeumuka, mtamu. Watu wakawa wanakula katikati na kutupa ganda. Mkate wa Ndiyo ulikuwa na ganda la dhahabu ambalo ukilitazama tu unameza mate, na ndani yake kulikuwa na jiwe. Watu wakawa wanakula ganda na kutupa katikati. Mama yao alinunua kote kuwili, akala ganda la mdogo na katikati ya mkubwa, na majirani walipomdadisi alipiga kura gani, alijibu, "Kura ni siri. Mikate ya wanangu ndiyo haina siri."

Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakupata kumwona Unga akiwa na hasira. Asubuhi moja alikwenda ofisi ya mtaa kufuatilia mambo yake, akakuta maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Vilikuwa vitabu vya katiba, vilivyoletwa kugawiwa bure kabla ya kura.

"Chukua," karani alimwambia kabla hajauliza. "Havikutakiwa na Ndiyo, havikutakiwa na Hapana, na mimi sina pa kuweka miguu yangu."

Unga alirudi na mkokoteni umejaa, anacheka peke yake njia nzima.

"Utavifanyia nini?" mkewe akamuuliza. Mkewe ndiye aliyekaa kaunta, mwanamke wa kucheka kwa mabega bila kutoa sauti.

"Nitafungia mikate."

"Baba watoto, hiyo ni sheria ya nchi."

"Ngoja waione sheria yao inavyolowa siagi."

Mke akatazama vitabu, akamtazama mume, mabega yakaanza kutikisika. Akachana ukurasa wa kwanza.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama Unga alivyotaka. Watu wa Ndiyo walikasirika. Watu wa Hapana walikuja kutoka mitaa ya mbali kununua mkate ulioungua, kwa raha tu ya kuona dharau ile. Unga alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akihakikisha ng'ambo ya barabara wanamwona. Kilichomponyoka ni jambo dogo: karatasi zile zilikuwa na maandishi, na mtu anayekunywa chai macho yake hayana kazi.

Wa kwanza kurudi alikuwa fundi viatu, ameshika ukurasa wenye mafuta.

"Shemeji," alimwambia mke wa Unga, "hapa imeandikwa kila mtu ana haki ya kutoingiliwa, halafu ukurasa umekwisha. Kutoingiliwa wapi?"

"Huo unaofuata nadhani nilimfungia kinyozi."

Wakaenda kwa kinyozi, wakamkuta ameupachika nyuma ya kioo. Akausoma kwa sauti, mteja akiwa na povu kidevuni: "Nyumbani kwake. Wala nyumba yake haitapekuliwa bila amri ya mahakama." Fundi viatu alisimama akitafakari. Mwenye nyumba wake alikuwa na tabia ya kuingia chumbani mwake kwa ufunguo wa akiba, kukagua kama anapikia ndani. Siku hiyo hiyo mwenye nyumba alipoingia, alikuta mpangaji amekaa kwenye kiti katikati ya mlango.

"Huna ruhusa," fundi viatu akamwambia. "Mpaka uje na amri ya mahakama."

Mwenye nyumba huyo alikuwa mtu wa Ndiyo, kofia ya Ndiyo ikiwa bado kichwani. "Maneno hayo umeyatoa wapi wewe?"

"Kwenye mkate."

Ikawa ndiyo habari ya mtaa. Ikifika jioni, baraza la duka la Unga lilijaa watu wanaobadilishana kurasa. "Nani ana Mahakama? Natoa Bunge, mbili kwa moja." "Bunge nimeshiba, bwana, nitafutie Ardhi." Watu walianza kununua mkate wakiwa wameshiba. Wale mume na mke wa mzungu wa nne walipata ukurasa unaosema wanandoa ni sawa. Mke akaubandika ukutani juu ya kitanda. Mume akatafuta mtaa mzima ukurasa wa kumjibu, na kila alipouliza akaletewa ule ule. Akachoka, akageuza mto wake ukaelekea wa mkewe.

Aliyesema Ndiyo akagundua hakujua alichokikubali. Aliyesema Hapana akagundua hakujua alichokikataa. Aibu ikawa moja kwa wote, na aibu ikishirikiwa na wengi haikawii kugeuka kicheko. Mitaa mingine, isiyokuwa na Unga, nayo ilikuwa na vijia vyake vya kufika huko huko. Redio ilitangaza kwamba viongozi wa Hapana wamenyimwa uwanja wa mkutano, nao wamekimbilia mahakamani, wakisema katiba inawapa haki ya kukusanyika.

Unga alikuwa amebeba trei. Akasimama mbele ya redio.

"Katiba ipi?" akaiuliza.

Redio ikaendelea na matangazo ya sabuni. Mkewe akainama chini ya kaunta, anadai ameangusha kitu.

Unga alinuna. Hakuna aliyekuja tena kuona dharau. Walikuja kuchukua kurasa, na mkate wakauona kama kifungashio. Mchana mmoja, kinyunya kikiwa kimefunikwa kinasubiri kuumuka, na muda huo mwokaji hana la kufanya ila kukaa, alichukua kitabu kizima, akakaa juu ya gunia la unga, akaanza kuusaka msumeno. Aliutaka kwa macho yake. Alitaka awasomee watu barazani pale panaposema ukaka umefutwa, waone kwamba hakuwa mjinga.

Alisoma siku hiyo, akasoma siku zilizofuata, daima kinyunya kikiwa kinaumuka. Alisoma jinsi rais anavyopatikana na jinsi anavyoondolewa. Alisoma mito na misitu ni ya nani. Msumeno hakuuona. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kaka wala mdogo wala tanuri la mikate. Alipofika jalada la nyuma aliligeuza akaangalia na upande wake wa nje, labda umeandikwa huko.

Akabaki amekaa pale juu ya gunia. Alikuwa amempoteza mdogo wake kwa ajili ya kitu ambacho hakimo. Alitaka kuvuka barabara wakati ule ule, na unga mikononi, akamwambie, "Mwenzangu, tumedanganywa wote wawili." Lakini ili aseme hivyo ilibidi aseme kwamba ameisoma, na akisema ameisoma atakuwa ameiegemea, na kiapo kilikuwa kinamsubiri mlangoni. Kinyunya kiliumuka kikapitiliza, kikafurika kikamwagika mezani, na yeye hakuona.

Basi siku bwana afya alipokuja, Unga alikuwa mlangoni kwake kama kawaida, mikono kiunoni.

Bwana afya alikuja na gari la wazi, na vijana wenye nyundo na mitaimbo. Hakwenda kwa Unga. Alisimama mbele ya kibao cha "Ndiyo", akatangaza kwamba tanuri la uwani linatoa moshi, na linavunjwa leo. Moto akatoka akiwa na ule ubao mrefu, akausimamisha mlangoni kama komeo.

"Hamuwezi," akasema. "Katiba inakataza."

"Inakataza wapi?" bwana afya akauliza. Hakuuliza kwa ubaya; alikuwa mtu aliyechoka, aliyevaa buti zisizomtosha.

Moto akafungua mdomo. Alikuwa amezunguka na kipaza sauti kuinadi katiba ile mpaka sauti ikamkauka, lakini kichwani mwake kulikuwa na nyimbo tu za kampeni. "Inakataza mambo kama haya," akasema.

Mtaa wote ulikuwa umeshafika, Hapana na Ndiyo wamebanana pamoja. Fundi viatu alipapasa mifuko akatoa Misitu. Kinyozi alikimbilia kioo chake akarudi na Bendera. Mwenye nyumba akawa anauliza nani alichukua ule wa riziki, jamani, ule wa riziki aliuchukua nani. Kijana mmoja akainua nyundo, akatema mate kwenye kiganja.

Na Unga alikuwa anajua. Ulikuwa ukurasa wenye ukingo wa juu uliokunjika, katikati ya kitabu, na alikuwa ameusoma mara mbili kwa sababu ulimfanya amfikirie baba yake. Akautazama mlango wa mdogo wake. Kama angekaa kimya kidogo tu, mshindani wake angeisha, kibao kingeshuka, na ukaka wake ungebaki salama mahali pake. Mkewe alikuwa nyuma yake. Hakumsukuma, ila mabega yake yalikuwa yametulia kabisa, na Unga hakuyazoea yakiwa yametulia.

"Nishikie hii," akasema, akaivua aproni yake kupitia kichwani akampa. Baadaye akagundua alikuwa amempa na kofia, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki kizingitini.

Akavuka.

"Hakuna mtu," alianza, na sauti ikamtoka nyembamba, akakohoa, akaanza upya. "Hakuna mtu atakayeondolewa mahali anapoishi, au mahali anapopatia riziki yake, kabla hajapewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kusikilizwa. Ndivyo inavyosema."

"Inasema nani?" bwana afya akauliza.

Mtaa wote ukasogea hatua moja mbele.

"Katiba," akasema.

"Lakini wewe si ndiye Hapana? Mimi mkate wako naununua kupeleka ofisini kwa sababu hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nilipiga Hapana."

"Nami nilipiga Hapana, na nitakuonyesha kidole nilichopigia. Lakini ndiyo katiba tuliyonayo, ndugu yangu. Huyu hukumsikiliza. Msikilize kwanza, halafu uvunje."

Bwana afya akavua kofia akajipepea. Akawatazama wale vijana, wakamtazama yeye. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kwamba hata yeye haipendi kazi ya kuvunja, watu humtukana mama yake, na kama kuna njia ya kukaa kwenye kiti akasikiliza, basi atashukuru. Akapanga siku. Gari likaondoka na nyundo zake.

Mtaa ulilipuka. Waliruka, wakakumbatiana bila kuulizana upande, mke wa Unga akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza katika ndoa yake. Ilikuwa sauti ya ajabu, kama ndoo inayoburutwa, na watu wakacheka zaidi kwa kuisikia. Halafu kinyozi, ambaye hakuwa amesahau ule ubao uliomgonga, akapaza sauti:

"Na kiapo?"

Unga akamtazama mdogo wake. Walikuwa hawajatazamana kwa karibu tangu siku ile. Moto alikuwa na majivu kwenye nyusi. Hakudai. Angedai, Unga angempa kwa hasira na mambo yakaisha. Lakini kutodaiwa kulimtia hofu. Akageuka, akavuka barabara mbio na kiatu kimoja, akajifungia dukani akisema ana kinyunya kinaumuka.

Kikao cha kusikilizwa kilifanyika ofisi ya mtaa, pale pale yalipokuwa maboksi. Kila mtu alikwenda, kila mtu akaongea, na bwana afya akasikiliza mpaka masikio yakawa mekundu. Kuna aliyesimama kuzungumzia mbuzi wa jirani, naye akasikilizwa. Mwisho akasimama mwalimu wa chekechea, ambayo ukuta wake unapakana na ule ua.

"Mimi sina ugomvi na Moto," akasema. "Ila moshi unaingia darasani. Nikiwaambia watoto wachore jua, wanalipaka kijivu."

Moto alikuwa amekuja kupigana. Alikuwa ameusoma ule ukurasa mara zisizohesabika, tayari kuutupa usoni kwa yeyote. Akaukunja, akautia mfukoni.

"Mbona hukuniambia, mwalimu?"

"Ulikuwa hutaki kuambiwa na mtu wa Hapana."

Watu wakacheka, na Moto akacheka nao, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Kisha akasema tanuri atalivunja mwenyewe, kwa mkono wake, wasihangaike kuleta gari. Bwana afya alitoa leso. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona mtu akivunja bila kuvunjiwa, akasema, na akaomba kama kuna nakala ya hicho kitabu impelekee mkewe. Hapakuwa na nakala. Zote zilikuwa zimeliwa.

Hivyo ndivyo Moto alivyosimama ng'ambo ya barabara siku iliyofuata, tanuri limekuwa lundo la udongo nyuma yake, na ubao begani. Mtoto wa nyumba anajua njia ya nyumbani, lakini aliyeondoka kwa kishindo hawezi kurudi hivi hivi. Ni lazima aitwe. Alisimama. Akajifanya anaangalia mawingu. Unga alikuwa dukani, anakanda kinyunya ambacho kilishakandika zamani.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na magunia.

"Mwanangu," akasema, "watu wananiuliza kura yangu. Nikuambie?"

"Kura ni siri, mama."

"Yangu haina siri. Sikupiga. Nilifika pale kwenye foleni, nikakuona wewe mbele, nikamwona mwenzako nyuma, mmepeana migongo kama watu wasiojuana. Nikageuka nikarudi nyumbani. Nikaketi jikoni nikalia, kisha nikapika." Akakung'uta unga uliomrukia gaunini. "Baba yenu aliwakata katikati ili mshikamane. Mimi kila siku nakula ganda huku na nyama ya mkate kule, nawaunganisha mdomoni. Nimechoka, meno yenyewe yamebaki machache."

Unga akaacha kukanda. Akaenda mlangoni, mikono nyeupe mpaka viwiko. Kinyozi akazima mashine. Fundi viatu akatoa misumari mdomoni. Mtaa mzima ukawa unasubiri, na safari hii Unga hakukimbia.

"Kaka," akaita.

Neno lile lilivuka barabara likamfikia Moto, naye akashusha uso. Alikuwa amelingoja tangu utotoni, tangu siku za kugawana nyama, na sasa lilipofika hakujua aliweke wapi. Akavuka akiwa ameinama. Ubao ukagonga fremu ya mlango.

"Samahani," akauambia mlango.

Akaenda moja kwa moja kwenye tanuri la baba yake, akainama, akachungulia ndani, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Huu moto umeufanyaje?" akauliza, kisha akapanga kuni, akiwa amewapa wote mgongo. Alikuwa mwepesi wa kuwasha kuliko mtu yeyote mjini, lakini siku hiyo kiberiti kilimshinda, njiti baada ya njiti, na mke wa Unga akatoka nje kuwaambia watu waondoke mlangoni, hakuna cha kutazama.

Moto ulipokubali, mikate ikaingia, ikatoka. Ganda la dhahabu, ndani laini. Mama yao akapewa wa kwanza. Akaumega katikati, akatafuna polepole, akafumba macho.

Nyuma, kwenye joto la tanuri, Moto akamsogelea ndugu yake.

"Wakubwa wawili hawawezi kukaa jiko moja," akasema kwa sauti ya chini. "Lichukue neno lako, kaka. Nimeshalisikia, inatosha."

"Halirudi," Unga akajibu, akatumbukiza mikono kwenye kinyunya. "Limeshapita."